Haidar Abdel-Shafi, daktari wa Gaza aliyeikataa Oslo

Tamko la Kanuni lililotiwa saini Washington tarehe 13 Septemba 1993, ambalo dunia imelizoea kwa jina la Oslo, lina ibara 17 na viambatisho 4. Ukikaa ukazisoma zote utakuta uchaguzi, polisi, elimu, afya, kodi, utalii, umeme, maji, hata bandari ya Gaza. Hutakuta sentensi hata moja inayoitaka Israel isimamishe ujenzi wa makazi ya walowezi, yaani Waisraeli wanaohamia ardhi ya Wapalestina inayokaliwa na Israel. Makazi yametajwa, lakini yamewekwa kiporo pamoja na Yerusalemu, wakimbizi na mipaka, yaje kuzungumzwa baadaye.

Dk. Haidar Abdel-Shafi aliliona pengo hilo mara moja. Alikuwa na miaka 74, daktari wa upasuaji kutoka Gaza, na kwa miezi 22 ndiye aliyeongoza ujumbe wa Wapalestina katika mazungumzo rasmi na Israel. Siku Yasser Arafat, kiongozi wa PLO (Shirika la Ukombozi wa Palestina), na Yitzhak Rabin, Waziri Mkuu wa Israel, walipopeana mikono mbele ya Rais Clinton kwenye bustani ya White House, yeye hakuwepo. Alikataa kwenda.

Wanaomkumbuka leo humsifu kwa uadilifu. Mzee safi, asiye na doa, asiyenunulika. Yote ni kweli, ila sifa ya namna hiyo humfanya mtu awe wa kuheshimiwa tu bila kusikilizwa. Abdel-Shafi alikuwa na hoja mbili alizozirudia hadi kufa kwake. Ya kwanza ilihusu ardhi: usikubali chochote kabla ujenzi haujasimama. Ya pili ilihusu Wapalestina wenyewe: maamuzi ya taifa hayawezi kuwa mali ya mtu mmoja. Wachambuzi wengi huzitenganisha, moja wakaiweka kwenye historia ya mazungumzo na nyingine kwenye habari za ufisadi wa Mamlaka ya Palestina, serikali ya ndani iliyozaliwa na Oslo. Mimi naziona ni hoja moja, na miaka zaidi ya 30 iliyopita tangu Oslo imenithibitishia.

Alizaliwa Gaza mwaka 1919. Baba yake, Sheikh Muhyi al-Din, alikuwa mtu wa wakfu, na kazi hiyo iliipeleka familia Al-Khalil, mji ambao ramani nyingi huuita Hebron, kwenye usimamizi wa eneo takatifu la Nabii Ibrahim. Kijana akasoma Yerusalemu, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut na kutoka huko mwaka 1943 akiwa daktari. Aliporudi Gaza alifungua kliniki yake, na haikuchukua muda vita vya 1948 vikafika. Eneo ambalo leo ni Ukanda wa Gaza lilikuwa na watu kama 80,000. Ghafla wakimbizi wapatao 200,000 wakamiminika kutoka Jaffa, Majdal na vijiji vya kusini, wakalala misikitini, mashuleni na kwenye mashamba ya michungwa. Abdel-Shafi alikuwa miongoni mwa madaktari wachache waliowatibu, akifanya kazi pamoja na Wakweka, dhehebu la Kikristo lililoendesha misaada Gaza kabla UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Palestina, halijaanza shughuli zake mwaka 1950.

Naisisitiza picha hiyo kwa sababu wanasiasa wengi wa Palestina wa kizazi chake walikulia uhamishoni: Kuwait, Cairo, Beirut, Tunis. Walijenga siasa zao kwenye viwanja vya ndege na kambi za wapiganaji. Yeye, ukiondoa miaka michache ya kusomea upasuaji huko Dayton, Ohio, aliishi pale pale. Aliishi chini ya Waingereza, chini ya Wamisri, kisha kuanzia 1967 chini ya jeshi la Israel, ambalo wakati vita vikipiganwa lilimkuta akijitolea katika Hospitali ya Shifa. Mwaka 1964 alikuwa Yerusalemu PLO ilipoundwa na akaingia katika Kamati Tendaji yake ya kwanza. Moshe Dayan, Waziri wa Ulinzi wa Israel, alimpeleka Sinai kwa miezi mitatu mwaka 1969, na mwaka uliofuata akafukuziwa Lebanon kwa muda. Kila mara alirudi Gaza.

Mwaka 1972 akaanzisha Hilali Nyekundu ya Gaza, shirika la afya na misaada, na hapo ndipo siasa zake halisi zinapoonekana. Zahanati, maktaba, kamati, vikao vyenye ajenda na muhtasari. Aliamini kwamba Wapalestina walishindwa 1948 si kwa uchache wa ushujaa bali kwa kukosa mpangilio, na kwamba jambo hilo halirekebishwi kwa hotuba. Januari 1980 waandamanaji wa mrengo wa kidini, waliomwona yeye na wenzake kuwa ni wakomunisti, waliivamia ofisi ya Hilali Nyekundu wakaichoma. Karibu miaka 13 baadaye, Desemba 1992, Rabin alipowafukuza watu 415 wa Hamas na Jihad ya Kiislamu na kuwatupa kwenye baridi ya Marj al-Zuhur, kusini mwa Lebanon, ujumbe aliouongoza Abdel-Shafi ulisitisha mazungumzo kwa ajili yao. Waliofukuzwa walikuwa wa mrengo ule ule. Kwake haki ya mtu kubaki kwenye ardhi yake haikutegemea kama mtu huyo ni rafiki.

Dunia ilimjua kwenye mkutano wa amani wa Madrid, Hispania. Tarehe 31 Oktoba 1991, katika Kasri la Kifalme, alisimama mbele ya Waziri Mkuu Yitzhak Shamir kuwasemea Wapalestina, kwa mara ya kwanza wakiwa kwenye meza moja na Israel mbele ya macho ya walimwengu. Masharti yalikuwa ya kudhalilisha. Wajumbe hawakuruhusiwa kuwa wa PLO, wala kutoka Yerusalemu ya Mashariki, wala kutoka uhamishoni, na kwenye karatasi walikuwa sehemu ya ujumbe wa Jordan. Hotuba, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na Hanan Ashrawi, msemaji wa ujumbe, ilizungumza na Waisraeli moja kwa moja, ikawaambia kwamba Wapalestina wamewaona wakiutazama kwa huzuni msiba wao wa zamani, na wakitazama kwa hofu mwathirika alivyogeuka mkandamizaji. Ilisema pia kwamba utii wa watu kwa uongozi wao hauwezi kudhibitiwa wala kukatwa. Mwishoni akayarudia maneno ya Arafat ya mwaka 1974 katika Umoja wa Mataifa kuhusu tawi la mzeituni, na kila aliyekuwa ukumbini akajua PLO imeingia mlangoni bila kadi ya mwaliko.

Katikati ya hotuba hiyo kulikuwa na dai moja lisilo na mapambo: ujenzi wa makazi ukome sasa. Alieleza sababu yake waziwazi. Huwezi kujadili hatima ya ardhi ambayo hatima yake inaamuliwa kila siku kwa matingatinga na seng'enge.

Mtu yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kuwa na kesi ya kiwanja anaielewa hoja hii bila kufundishwa. Wakili mwenye akili hakimbilii kubishana nani ana hati. Anaanza kwa kuomba zuio, ili mwenzako asiendelee kupandisha ukuta wakati kesi inasikilizwa. Ukikosa zuio, hata ukija kushinda miaka saba baadaye, utakuta ghorofa, wapangaji, na hakimu anayekushauri uchukue fidia. Abdel-Shafi alikuwa anaomba zuio. Aliliomba Madrid, akaliomba Washington duru baada ya duru, na watu wa upande wake mwenyewe wakaanza kumwona king'ang'anizi.

Desemba 1991, mazungumzo yalipohamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, Wapalestina walikataa kuingia chumbani wakiwa kama mkia wa Jordan. Walitaka mazungumzo yao yawe na njia yake. Basi kwa siku kadhaa Abdel-Shafi, Abdul Salam Majali wa Jordan na Elyakim Rubinstein wa Israel walijadiliana wakiwa wamekaa kwenye kochi la korido, nje ya chumba walichoandaliwa. Waandishi wa habari waliona kichekesho. Mimi naona mtu wa miaka 72 aliyetambua kwamba ukishakubali kuitwa kitu kidogo mlangoni, ndani utapewa kidogo zaidi. Na walipata walichokitaka: Israel ilikubali njia mbili.

Dai la kusimamisha makazi halikuwa ndoto pia, na hapa ndipo ninapokosana na wanaosema kwamba Arafat hakuwa na chaguo. Septemba 1991 Rais George H. W. Bush alizuia dhamana ya mikopo ya dola bilioni 10 ambayo Israel iliihitaji kuwapokea Wayahudi waliokuwa wakitoka Umoja wa Kisovieti, na sababu yake ilikuwa makazi hayo hayo. Waziri wake James Baker alikuwa amelalamika hadharani kwamba kila akienda Israel anapokewa na makazi mapya. Juni 1992 Shamir akashindwa uchaguzi, na mvutano wake na Washington ulichangia. Rabin alipoingia alitangaza kupunguza ujenzi, ingawa aliacha maelfu ya nyumba zilizokwisha kuanzishwa ziendelee. Kwa hiyo kulikuwa na mlango uliofunguka nusu. Serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa imeutambua ujenzi huo kuwa kikwazo, na imeweka fedha mezani kuthibitisha.

Ni kweli PLO ilikuwa taabani. Baada ya Arafat kuonekana yuko upande wa Saddam Hussein katika mgogoro wa Kuwait, fedha za Saudi Arabia na Kuwait zilikatika, na mamia ya maelfu ya Wapalestina wakapoteza maisha waliyojijengea Kuwait. Ofisi za PLO huko Tunis, yalipokuwa makao yake makuu, zilishindwa kulipa mishahara. Isitoshe, duru zote za Washington hazikuzaa chochote cha kushika mkononi, na anayemtetea Arafat ana haki ya kuuliza Abdel-Shafi angesubiri hadi lini. Swali hilo ni zito na silipuuzi. Oslo ilileta utambuzi wa PLO, ikawarudisha maelfu ya watu nyumbani, ikaleta uchaguzi wa kwanza.

Lakini angalia ilivyofikiwa. Wakati Abdel-Shafi na wenzake wakiwa Washington wanadai zuio, Ahmed Qurei, ofisa wa PLO, alikuwa Norway, kwa usimamizi wa mwenzake Mahmoud Abbas kutoka Tunis, akizungumza kwa siri na Waisraeli. Ujumbe rasmi haukuambiwa. Agosti 1993 Faisal Husseini, Hanan Ashrawi na Saeb Erekat, ambao walikuwa nguzo za timu, waliwasilisha barua za kujiuzulu kwa sababu ya maagizo yanayogongana kutoka Tunis. Wiki chache baadaye habari za Oslo zikajulikana. Watu wa ndani, waliokuwa wanapishana na tingatinga barabarani kila siku, waliwekwa kando. Walioandika mkataba ni watu ambao kwa miaka mingi hawakuwa wameiona Gaza wala Nablus.

Ndiyo maana nasema hoja zake mbili ni moja. Sentensi kuhusu makazi ilikosekana kwenye Oslo kwa sababu chumba kilichoiandika hakikuwa na mtu aliyelazimika kurudi kuwaeleza majirani zake. Kama ungekuwepo mjadala ndani ya chombo chochote chenye meno, mtu angeuliza: na makazi je? Arafat alitaka kutambuliwa yeye na PLO, akakipata hicho katika barua za tarehe 9 Septemba, na bei aliyolipa ni zuio. Katika mwaka ule walowezi wa Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Yerusalemu ya Mashariki, walikuwa karibu 110,000. Kufikia mwaka 2000, kipindi ambacho amani ilipaswa kuwa imekamilika, walikuwa karibu 200,000. Leo wamepita 500,000.

Kilichofuata kinaithibitisha nusu ya pili ya hoja. Januari 1996 Abdel-Shafi aligombea Baraza la Kutunga Sheria, chombo kilichozaliwa na mkataba alioukataa. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Naona alikuwa sahihi: mkataba ulikuwa wa Arafat, lakini kura ilikuwa ya watu. Wakampa kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote wa kiti cha baraza. Ndani ya baraza akakuta vikao, hoja, maazimio, na rais asiyejali lolote kati ya hayo. Mwaka 1997 ripoti ya mkaguzi ilionyesha kwamba takriban dola milioni 326 za umma zilikuwa zimepotea au kutumiwa vibaya, baraza likataka mawaziri waondoke, na Arafat akalipiga danadana. Mwaka huo huo baraza likapitisha Sheria ya Msingi, yaani katiba ya muda, ikakaa kwenye saraka ya Arafat bila saini hadi 2002. Abdel-Shafi hakusubiri. Akajiuzulu 1997.

Hapa nina shutuma dhidi yake, na naitoa kwa heshima. Alijiuzulu mno. Mtu aliyepata kura nyingi kuliko wote, aliyehubiri mpangilio tangu ujana wake, hakuzigeuza kura zile kuwa chama wakati bado zilikuwa moto. Alibaki dhamiri ya taifa, na dhamiri haina matawi mitaani. Wakati yeye anarudi nyumbani Gaza kwa hadhi yake, Fatah, chama cha Arafat, iligawa ajira na Hamas ilijenga misikiti, zahanati na shule za chekechea, kazi ile ile ambayo Hilali Nyekundu yake iliionyesha njia. Ilipofika Juni 2002, yeye, Mustafa Barghouti na Ibrahim Dakkak wakaanzisha Mubadara, yaani Mpango wa Kitaifa wa Palestina, kutafuta njia ya tatu kati ya ufisadi na siasa za kidini. Alikuwa na miaka 83. Januari 2005 Barghouti alipata karibu asilimia 19 katika uchaguzi wa rais dhidi ya Abbas, kiasi kinachoonyesha kwamba watu wa kuifuata njia hiyo walikuwepo. Mwaka uliofuata, Hamas ilipotwaa viti 74 kati ya 132, orodha ya Barghouti ilipata viwili.

Sidai kwamba chama cha Abdel-Shafi kilichoanzishwa 1997 kingeishinda Hamas. Lakini mpiga kura wa Khan Younis mwaka 2006, aliyechoshwa na Fatah, hakuwa na pa kwenda isipokuwa Hamas, na sehemu ya lawama hiyo iko kwa watu waadilifu walioona siasa za vyama ni uchafu wasiotaka kuushika.

Jambo alilolipigania miaka yake ya mwisho lilikuwa uongozi wa pamoja: Fatah, Hamas, mrengo wa kushoto na watu huru wakae kwenye chombo kimoja, waafikiane juu ya lengo na njia, na atakayeshindwa kwenye kura akubali. Aliwaambia hivyo wote, pamoja na wale ambao mrengo wao ulichoma ofisi yake. Juni 2007 Hamas na Fatah walipigana risasi katika mitaa ya Gaza, na ukanda ukaanguka mikononi mwa Hamas. Abdel-Shafi, aliyekuwa anaugua saratani, alifariki Gaza tarehe 25 Septemba mwaka huo, akiwa na miaka 88, akiacha Wapalestina wenye serikali mbili zinazogombana na nchi isiyokuwepo.

Mgawanyiko huo haujapona. Abbas alichaguliwa 2005 kuwa rais wa Mamlaka ya Palestina kwa muhula wa miaka minne na bado yupo. Uchaguzi wa bunge haujafanyika tangu 2006, na ule uliopangwa 2021 uliahirishwa. Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka kwamba ukaliaji wa Israel ni kinyume cha sheria na kwamba walowezi wanapaswa kuondolewa. Zuio limepatikana kwa maneno ya mahakama ya juu kabisa ya dunia, na hakuna wa kulitekeleza. Agosti 2025 Israel ikapitisha mradi wa E1, nyumba zipatazo 3,400 mashariki ya Yerusalemu, mahali ambapo zikisimama zitaukata Ukingo wa Magharibi vipande viwili. Mwezi uliofuata Uingereza, Canada, Australia na Ufaransa zikaitambua dola ya Palestina. Watu walishangilia, na sina sababu ya kuwanyima furaha yao. Ila utambuzi ndicho alichokipata Arafat 1993, na ninaogopa kuona kitu kile kile kikiuzwa mara ya pili kwa bei ile ile.

Mwaka 2025 Abbas aliahidi uchaguzi ndani ya mwaka mmoja baada ya vita vya Gaza kumalizika. Mwaka huo huo, Aprili, alimteua Hussein al-Sheikh kuwa makamu wake katika PLO, na hakuna mpiga kura hata mmoja wa Gaza, Ramallah au Jenin aliyeulizwa. Mazungumzo yakifunguliwa tena, huyo ndiye anayetazamiwa kukaa kwenye kiti alichokaa Abdel-Shafi Madrid. Atakachokitia saini humo kitategemea nani anaweza kumwita arudi nyumbani na kumwambia hapana, na kwa sasa, upande wa Wapalestina, hakuna mwenye mamlaka hayo.